Saa Nane ni Saa Ngapi?

Nilijua. Nianze na hilo, kwa sababu siku hizi nyumbani wanaisimulia hadithi hii kana kwamba hakuna aliyejua. Jumamosi ile, watu kumi na saba wa ukoo wetu waliposimama uwanja wa ndege kule Embakasi, wamevaa nguo za Krismasi mwezi wa Novemba, wakikodolea macho mlango ambao mama angetokea, mimi nilijua kwamba mama hayumo ndani ya jengo lile, hayumo angani, na wala hajatoka London. Yawezekana saa ileile alikuwa anakunja soksi. Nilijua tangu Alhamisi, na sikumwambia mtu yeyote ila daftari langu.

Daftari nalo halikumwambia mtu. Tunafanana.

Mambo yalianza Jumatatu jioni. Baba alikuwa kwenye bucha yake Kangemi, nami nilikuwa nyuma ya kaunta nikiosha mizani baada ya shule. Sisi wenyewe tunakaa Mountain View, ng'ambo tu ya barabara, mahali ambapo watu hulitaja jina la mtaa wao kwa pua halafu nyama wanakuja kununua Kangemi. Baba alikuwa anapasua mbavu, shoka mkononi, simu imebanwa kati ya sikio na bega, na mteja mmoja anapiga kelele kwamba amewekewa mfupa mwingi.

"Ati? Unatoka Jumamosi? Eeh! Saa? Sikusikii! Saa nane? Saa nane, sawa! Sasa umebeba..."

Kadi ya simu ikaisha. Simu za mama zilikuwa hivyo kwa miaka sita: anaongea mbio kama dalali wa mnada, kisha kimya. Hakukuwa na namba ya kumpigia, kwa sababu alikuwa ameshaacha kazi ya kumtunza bibi kizee mmoja wa Kizungu, na sasa alipiga kutoka kibanda cha barabarani. Baba akaweka shoka chini, akamtazama mteja wa mifupa, akamwongezea nyama bila kuambiwa. Ndipo nilipojua kwamba ana furaha. Baba hajawahi kumwongezea mtu nyama.

"Mami," akaniambia. Huniita hivyo kwa kuwa nina jina la mama yake. "Mama yako anafika Jumamosi saa nane."

Nilitaka kuruka. Badala yake niliendelea kuosha mizani. Mimi ndivyo nilivyo. Darasani mwalimu akiuliza swali ninalolijua jibu lake, mimi huanza kutafuta kifutio chini ya dawati.

Lakini ndani yangu kulikuwa na jambo moja, na afadhali niliandike sasa lieleweke. Siku mama anaondoka nilikuwa na miaka tisa, na nilijifungia chooni. Sikutaka watu wanione nikilia. Alisimama nje ya mlango akaita jina langu mara tatu. Sikujibu. Nilimsikia baba akisema, "Utaachwa na ndege," kisha nikasikia viatu vya mama vikienda. Alikuwa amesema anaenda mwaka mmoja. Mtu akikwambia anaenda Ulaya mwaka mmoja, muulize ni mwaka wa wapi. Basi kwa miaka yote sita nilikuwa na deni moja na mimi mwenyewe: siku atakaporudi atanikuta nimesimama pale mlangoni, na mimi ndiye nitakayeita kwanza.

Jumanne ukoo ulikutana sebuleni kwetu. Mwenyekiti alikuwa anko, kaka mkubwa wa baba, ambaye aliwahi kupanda ndege mara moja kwenda Kisumu, na tangu hapo ndiye msemaji wetu kuhusu mambo yote ya anga.

"London ni kama Kisumu mara tatu hivi," anko alisema, miguu juu ya meza yetu. "Kisumu nilienda kwa dakika arobaini. Sasa piga hesabu."

"Mara tatu si ni saa mbili tu?" anti akauliza. Huyu ni dada yao, na kazi yake katika ukoo ni kutoamini.

"Kuna kupanda na kushuka," anko akasema. "Na kuna bahari. Bahari inavuta ndege. Anatoka huko asubuhi saa mbili, saa nane mchana yuko hapa. Saa sita. Ndege za siku hizi haziwezi kuzidisha hapo."

Shosho, mama yake baba, ambaye alikuja kutoka Limuru na kuku wawili, alitaka kujua kama ndege hiyo haiwezi kupitia Limuru imshushie mama pale barabarani, ili watu wasisumbuke na Embakasi. Kila mtu alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu lilikuwa swali zuri kuliko majibu yote ya anko: ndege inapitia wapi, na ni mbali kiasi gani?

Basi Jumatano nikabaki chumba cha jografia wakati wa chakula. Shule yetu ina tufe moja la dunia, limebonyea upande wa Australia, kwa hivyo kwetu sisi Australia ni bonde. Nilichomoa uzi kwenye sweta yangu, uzi wa kijani, nikauweka ncha moja Nairobi na nyingine London, nikauvuta mpaka ukanyooka. Unapita juu ya Sudan, jangwani, baharini, halafu huyo. Limuru umepita karibu kabisa, lakini sidhani wangesimama. Kisha nikauchukua uzi huohuo nikaupima kuzunguka ikweta. Mwalimu wetu hutukaririsha kwamba ikweta ni kilomita elfu arobaini. Uzi wangu uliingia humo mara sita kasoro kidogo. Nikagawanya: kama kilomita elfu sita na mia nane. Kitabu cha jografia kilisema ndege kubwa hukimbia kilomita mia nane na hamsini hivi kwa saa. Nikagawanya tena.

Nane.

Nilikaa nikiitazama ile nane. Saa nane. Mama hakusema anafika saa nane! Mama alisema safari ni ya saa nane!

Hapa lazima nimlaumu mwalimu wangu wa Kiswahili, na ninajua hatasoma daftari hili. Katika kila insha yangu akiona neno "masaa" hulikata kwa kalamu nyekundu mpaka karatasi inatoboka, na kuandika pembeni: SAA HAINA WINGI. Kila mtu Nairobi husema masaa. Wauza njugu, wabunge, hata yeye mwenyewe nimemsikia ofisini akisema "nimengoja masaa mawili." Lakini mama yangu alisoma kwa mwalimu kama huyo, na mtu aliyekatwa kwa kalamu nyekundu hasahau. Angesema tu "masaa nane", mbuzi wetu angeishi siku moja zaidi. Nitafika kwa mbuzi.

Alhamisi nilimwambia shosho naenda mjini kutafuta kitabu cha marudio. Nikaenda kwenye cyber moja Tom Mboya Street, ghorofa ya pili, ngazi zinanuka chipsi. Mama wa kaunta alikuwa anapaka kucha rangi.

"Sasa. Unataka kuandika barua pepe?"

Nikatikisa kichwa.

"Kuprinti?"

Nikatikisa tena.

"Wee, utaongea ama nikupe kalamu?"

Nilimwomba kalamu. Niliandika kwenye kipande cha karatasi nikampa. Akakisoma kwa sauti ya kutangaza maiti iliyopotea: "Umbali na muda wa safari kati ya uwanja wa ndege wa London na wa Nairobi! Aki huyu anataka kutoroka!"

Cyber nzima ikageuka. Jamaa mmoja aliyekuwa akiandika barua ya kuomba kazi kwa kidole kimoja akasema, "Mwambie dereva apitie Githurai, abebe na wawili watatu."

"Na mimi anishukishe Roma," mwingine akasema. "Niko na shida na Papa."

Masikio yaliniwaka, lakini yule mama alikuwa na roho nzuri chini ya zile kucha. Alinikalisha kwenye kompyuta ya pembeni, akanifungulia ukurasa ambao ukiandika viwanja viwili, wenyewe unapiga hesabu. Ukafunguka polepole, mstari kwa mstari, kama mtu anayeteremsha pazia. Kilomita: karibu sawa na za uzi wangu. Muda: saa nane na dakika kadhaa. Chini yake: huko wako nyuma yetu kwa saa tatu.

Sijawahi kujisikia hivyo. Uzi wa sweta na kompyuta vilikuwa vimekubaliana, na anko na Kisumu yake walikuwa nje.

Nilipiga hesabu nikiwa palepale. Kama mama angetua hapa saa nane mchana, huko kwao ingekuwa saa tano asubuhi. Toa saa nane za angani: angekuwa ameondoka saa tisa usiku, wakati hata mbwa wa Kangemi wamenyamaza. Haikuniingia. Nikashuka, nikatembea mpaka ofisi ya shirika la ndege ambalo mama alikuwa amelitaja katika barua yake ya mwisho. Sikuingia. Mlango ulikuwa wa kioo na ndani kulikuwa na zulia, na mimi viatu vyangu vilikuwa na matope ya Kangemi ya Novemba. Lakini dirishani walikuwa wamebandika ratiba. Nikasoma kwa haraka, askari wa mlangoni akinitazama. London hadi Nairobi, mstari mmoja tu: inaondoka 20.00, inatua 07.30, siku inayofuata.

"Msichana, unasafiri?" askari akaniuliza.

Nilikimbia. Lakini nilikimbia na jibu. Mama anatoka Jumamosi saa mbili usiku, anafika Jumapili saa moja unusu asubuhi.

Sasa mtu mwenye mdomo angeingia nyumbani aseme. Mimi nilifika, nikawakuta anko na anti na wamama watatu wa kanisa sebuleni wakichagua nyimbo za kumpokea mama, nikasalimia, nikaenda chumbani. Nilijaribu mara mbili. Mara ya kwanza nilisema, "Baba, ile saa nane..." naye akasema, "Eeh, usichelewe kujitayarisha." Mara ya pili nilifungua mdomo, anko akaanza kueleza jinsi sikio linavyoziba ndege ikipanda, na nikaufunga.

Nikaandika barua. Barua ni kitu kizuri, haikukatizi. "Baba, Mama hafiki Jumamosi. Saa nane ni urefu wa safari, si saa ya kufika. Anafika Jumapili saa moja unusu asubuhi. Hesabu iko nyuma." Hesabu yote niliiandika nyuma, na mchoro wa tufe. Ijumaa asubuhi nikapita kwenye bucha, nikaiweka juu kabisa ya rundo la magazeti ya kufungia nyama, mahali ambapo kipofu angeiona.

Nilichosahau ni kwamba baba hufunga nyama bila kuangalia. Ni miaka ishirini. Mkono wake unajua. Nilikuwa bado mlangoni wakati mama mmoja jirani alipoagiza nusu kilo ya matumbo. Baba akakata, akapima, mkono ukaenda kwenye rundo, ukachukua barua yangu pamoja na gazeti, ukakunja, ukafunga. Niliitazama jografia yangu yote ikivuka barabara ndani ya matumbo, na mdomo wangu ukabaki umefungwa kama bucha siku ya Ijumaa Kuu.

Basi Jumamosi ikafika.

Mbuzi alikuwa ametolewa soko la mifugo la Dagoretti alfajiri, baba mwenyewe amemchagua, dume jekundu ambalo shosho alilisifu kwa tabia. Saa nne alikuwa ameshakatwa. Saa sita tuliondoka, nusu ya ukoo ndani ya pickup ya nyama, nusu ndani ya gari la kanisa pamoja na wamama wa kwaya waliofunga leso za rangi moja. Baba alikuwa amevaa tai. Anko alibeba kadibodi imeandikwa KARIBU NYUMBANI, na jina la mama chini yake, kana kwamba mama angehitaji kusoma ili atujue.

Saa nane ikafika. Mlango ukafunguka, wakatoka watu wa Dubai na masanduku makubwa kama jokofu. Ukafunguka tena, wakatoka watu wa Bombay. Halafu akatoka mwanamke mmoja mnene kiasi, koti jeusi, kofia ya sufu, na kiongozi wa kwaya ambaye haoni mbali akainua mkono.

Kwaya ililipuka. Vigelegele, leso hewani, kadibodi juu. Mwanamke yule alisimama, akaweka begi chini, akaanza kulia. Akamkumbatia kiongozi, akamkumbatia anko, akaimba nao ubeti wa pili. Alikuwa ametoka semina Addis Ababa na hakuna mtu aliyekuja kumchukua. Aliondoka na namba za simu za wamama wawili. Sasa ni mwanakwaya.

Baada ya hapo nyimbo zilipungua. Nilienda kusimama kando karibu na nguzo, na hapo palikuwa na mzee mmoja wa Kisingasinga, kilemba cha buluu, ameketi kwenye kiti chake mwenyewe alichokuja nacho, anakunywa chai ya thermosi. Alikuwa na garage upande wa Muthangari, aliniambia baadaye, na alikuwa anamngoja shemeji yake.

"Kwaya yote hii ni ya nani? Ya rais?" akaniuliza.

"Ya mama yangu. Anatoka London."

"London? Saa hizi?" Akacheka ndani ya kikombe. "Binti, mimi nimengoja watu hapa tangu nywele hii ikiwa nyeusi. Ndege ya London ni asubuhi."

"Najua," nikasema.

"Unajua?"

Sijui kwa nini kwa mtu nisiyemjua maneno hutoka. Yalitoka yote. Uzi, ikweta, saa tatu za tofauti, ratiba ya dirishani, matumbo. Alisikiliza mpaka mwisho, akafunga thermosi.

"Hesabu safi. Umemwambia baba yako?"

"Bado."

"Sasa unaniambia mimi, fundi wa magari, ili nifanye nini? Mimi si bwana ya mama yako."

Nilirudi kwa watu wetu. Huko mambo yalikuwa yameharibika. Ilikuwa inakaribia saa kumi. Anti alikuwa ameketi juu ya sanduku la soda, na alikuwa anafurahi kwa ile njia yake ya huzuni.

"Mimi nilisema," anti alisema. "Mtu hakai Ulaya miaka sita akarudi vivi hivi. Amefika mlango wa ndege akafikiria Kangemi, akageuka."

"Labda imepata pancha," anko akasema.

"Hewani?"

"Huwezi kujua. Wewe umepanda ndege?"

Baba hakuwa anawasikiliza. Alikuwa ameketi ukingoni mwa barabara, na alikuwa ametoa tai, anaikunja polepole kama mtu anayekunja kitu cha marehemu. Shosho alisimama nyuma yake.

"Mama, twendeni," baba alimwambia shosho, bila kuinua kichwa. "Hakutaka kuja. Angekuwa ametaka angekuwa amefika. Kesho mapema naenda Dagoretti kuleta ng'ombe, kazi iendelee. Na hiyo laini ya simu nitaibadilisha. Nimechoka kupigiwa kwa kadi."

Nikaona kesho yote. Mama akitoka kwenye ule mlango saa moja unusu, na begi zake, na hapa nje kuna askari tu na mtu wa teksi. Anangoja. Anapiga simu, haiingii. Baba yuko Dagoretti na ng'ombe. Na mimi niko chumbani na daftari, najua. Chooni tena, mlango umefungwa.

"SAA NANE NI UREFU!"

Ilitoka hivyo. Sikuwa na kipimo cha sauti, mtu asiyezoea hajui ni kiasi gani kinatosha. Hata wenye teksi waligeuka.

"Kumbe hii kitu iko na sauti?" anti akasema.

"Ni urefu wa safari! Si saa ya kufika! Mama hajatoka! Anatoka leo usiku, anafika kesho asubuhi, saa moja unusu. Ni kilomita elfu sita na mia nane, na ndege inaenda mia nane na hamsini kwa saa, hiyo ni saa nane, masaa nane, MASAA!"

"Nani amekwambia?" anko akauliza.

"Nilipima kwa uzi."

"Kwa uzi!" Anko akawageukia watu. "Mtoto anapima mbingu kwa uzi! Mimi nimepanda ndege!"

"Ulipanda mpaka Kisumu," shosho akasema, "na ukatapika. Nyamaza mtoto aongee."

Mzee wa kilemba alipaza sauti kutoka nguzoni kwake, "Sikizeni hiyo mtoto! London ni asubuhi!" Lakini baba alikuwa ananitazama mimi, si yeye.

"Mami, ulijua lini?"

"Alhamisi."

"Kwa nini hukusema?"

"Niliandika."

"Wapi?"

"Karatasi. Niliiweka bucha. Ukafungia mtu matumbo."

Baba alifikiri. Nadhani alikuwa anaukumbuka mkono wake. Kisha mabega yakaanza kutikisika, nikaogopa analia, kumbe ni kicheko, kile cha tumboni ambacho nilikuwa nimekisahau. Akaifungua ile tai iliyokunjwa, akaitazama, akaitia mfukoni.

"Haya," akasema. "Twendeni tukale mbuzi. Huyo hawezi kungoja mpaka kesho."

Na hakungoja. Watu kumi na saba na kwaya wakimla mbuzi kwa hasira ya kusimama mchana kutwa hawaachi kitu. Jioni mama jirani alikuja kugonga. "Ni wewe uliandikia matumbo yangu barua?" aliniuliza, na karatasi yangu mkononi, ina doa la mafuta juu ya Sudan. "Nimeisoma mara tatu. Bwanangu anasema hesabu iko sawa."

Jumapili tulikwenda wawili tu, baba na mimi. Ukoo ulisema utaenda kanisani, ukitutakia mema kwa sauti ya watu wasioamini. Tulifika saa moja. Pickup ilikuwa bado inanuka mbuzi, na askari wa uwanja akamwambia baba gari la nyama haliruhusiwi kusimama pale mbele. Baba akashuka kubishana naye. Anapenda kubishana na askari. Alisema atarudi dakika mbili.

Kwa hivyo nilikuwa peke yangu mlango ulipofunguka.

Nilimjua mara moja. Amekonda, nywele amekata, lakini ni yule mwendo. Alikuwa anasukuma masanduku mawili na macho yake yanatafuta. Yalipita juu ya watu, yakashuka, na niliona yanatafuta chini, kwenye kimo cha viuno vya watu. Alikuwa anatafuta mtoto wa miaka tisa. Mimi siku hizi ni mrefu kuliko anti. Alinipita, karibu kiasi cha kunusa mafuta yake, akaendelea.

"Mama," nikasema.

Haikusikika. Nikaongeza. "Mama!"

Wakageuka wanawake saba. Uwanja wa ndege umejaa kina mama, kila mmoja wao ni mama wa mtu. Wangu hakugeuka, kwa sababu hakutegemea sauti kama hiyo, nene, kutoka juu. Kulikuwa na njia moja tu. Mtaani kwetu mwanamke huitwa kwa mtoto wake, na yule ni mama wa nani? Basi nikavuta pumzi, nikaita, "Mama!" na baada yake jina langu mwenyewe, lote, kwa sauti ya jana. Nikaliita mara tatu, mimi mwenyewe, mbele ya watu wote, jina ambalo hata kwenye rejista nalijibu kwa kuinua kidole.

Masanduku yalisimama. Yaliyofuata sitayaandika, ni yangu. Baba alitukuta hapo, na askari nyuma yake bado anadai gari litolewe.

Ndani ya pickup mama alikaa katikati yetu. "Wengine wako wapi?" akauliza. "Nilidhani anko wako atakuwa hapa na kadibodi."

"Walikuja jana," baba akasema. "Saa nane. Kama ulivyosema."

"Jana? Mimi nilisema natoka Jumamosi saa nane. Natoka."

Nikageuza shingo. "Unatoka saa nane?"

"Si ndiyo." Akainua mkono kunionyesha saa yake, ambayo bado ilikuwa inafuata saa za London, akaweka ukucha juu ya namba. "Mshale ukiwa kwa nane. Saa nane ya usiku."

"Mama, mshale ukiwa kwa nane ni saa mbili."

Aliitazama saa yake. Miaka sita, na alikuwa amesahau kwamba sisi saa tunaisoma upande wa pili. Hakuwa amesema chochote kuhusu urefu wa safari. Uzi, ikweta, mwalimu wa kalamu nyekundu, yote yale nilikuwa nimeyasimamisha juu ya neno ambalo mama hakulisema. Nilifika mahali sawa kwa barabara ya uongo. Baba alikuwa ananitazama juu ya kichwa cha mama, na nikaona ameelewa, na nikaona hatamwambia anko.

"Na mbuzi?" mama akauliza. "Mlinichinjia mbuzi?"

"Kimebaki kichwa," baba akasema.

"Kichwa ni sawa. Supu. Itaiva saa ngapi?"

Nikafungua mdomo.

"Mami," baba akasema, akiwasha gari, "hiyo usijibu."